Jiwe Jeupe la Risasi: Kutoka Miamba ya Dhahabu Hadi Kichupa cha Wanja



Sisi mafundi cherehani tunajua kuwa mazungumzo ya bibi harusi hayaishii kwenye gauni. Ukishampima kifua, kiuno na urefu wa mkono, yanaanza mengine: hina itachorwa na nani, singo itaanza lini, dhahabu itatoka duka gani, wanja upi unakoza. Nimeona jambo moja kwa wateja wangu. Dhahabu tunaiuliza maswali chungu nzima: karati ngapi, gramu ngapi, imetoka Dubai au ya hapahapa. Wanja hatuuulizi kitu. Ukiwa mweusi na haumwagiki, tunalipa na kuondoka.

Leo nataka tuzungumzie historia ya jiwe moja ambalo wengi wetu hatujawahi kulisikia jina, lakini limekaa usoni kwa wanawake kwa maelfu ya miaka. Ni jiwe jeupe la risasi. Sisemi risasi ya bunduki, nasema risasi madini, ile metali nzito ya kijivu. Na tutaanzia mbali kidogo na bahari, kule Bulyanhulu.

Dhahabu haikai peke yake

Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi mkoani Shinyanga, upande wa Kahama, katika ukanda ule wa dhahabu unaoendelea hadi Geita. Wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba pale kabla kampuni kubwa hazijafika, na waliondolewa mwaka 1996. Mwaka 1999 kampuni ya Barrick ya Kanada iliuchukua mgodi huo, na mwaka 2001 ukaanza kutoa dhahabu. Wengi wetu visiwani tulilizoea jina la Bulyanhulu mwaka 2017, pale Rais Magufuli alipozuia makontena 277 ya makinikia bandarini Dar es Salaam. Makinikia yale yalitoka Bulyanhulu na kwa jirani yake Buzwagi.

Neno makinikia lina somo ndani yake. Dhahabu ya Bulyanhulu haikai kwenye mwamba kama kito kwenye kisanduku. Imo ndani ya mishipa ya jiwe jeupe gumu, imechanganyika na madini yenye salfa: ya chuma, ya shaba, na kwa kiasi kidogo ya zinki na ya risasi. Ndiyo maana sehemu ya mali ya mgodi ule ilikuwa ikisafirishwa nje ikiwa unga wenye dhahabu, shaba na fedha pamoja, kwenda kuyeyushwa huko.

Hiyo risasi yenye salfa inaitwa galena. Ina rangi ya fedha iliyokolea, inang'aa, na ukiivunja inavunjika vipande vya pembe nne kama vibiriti vidogo. Ukiisaga inakuwa unga mweusi laini wenye mng'ao. Nadhani mshaanza kuona tunakwenda wapi.

Bulyanhulu haichimbi risasi kwa biashara. Mahali Tanzania ilipowahi kuchimba risasi kwa wingi ni Mpanda, katika miaka ya 1950, na reli ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Kaliua ilijengwa kwa sababu ya mgodi ule. Watu wanaopanda treni ya Mpanda leo wanapita juu ya njia iliyowekwa kubeba risasi. Lakini undugu wa dhahabu na risasi uko palepale kwenye miamba, na ni wa zamani sana. Hata kupima dhahabu kunahitaji risasi: maabara za madini huyeyusha unga wa jiwe pamoja na oksidi ya risasi, risasi inaikusanya dhahabu yote na kushuka nayo chini, kisha risasi inaondolewa kwa moto na dhahabu inabaki kama tone. Kwa hiyo kabla mkufu wako haujafika sonarani, kuna uwezekano mkubwa kwamba jiwe lake lilipimwa kwa msaada wa risasi.

Jiwe jeupe linavyozaliwa

Galena ikiwa chini kabisa, imefungiwa ndani ya mwamba, inakaa milele bila kubadilika. Mambo yanabadilika ikiwa karibu na uso wa ardhi. Maji ya mvua yanapita hewani na kwenye udongo, yanabeba hewa ukaa, kisha yanaingia kwenye nyufa za mwamba. Pamoja na oksijeni, maji hayo yanaila galena polepole. Salfa inaondoka, na risasi inashikana na kaboni. Kinachozaliwa ni kaboneti ya risasi, ambayo wataalamu wanaiita serusiti.

Serusiti ni jiwe la ajabu. Ni jeupe au halina rangi kabisa, na linapokuwa safi linang'aa karibu na almasi, kwa sababu linaupinda mwanga kwa nguvu. Lakini ni laini: katika kipimo cha ugumu ambacho almasi ni 10, lenyewe lina 3 hadi 3.5. Ni jepesi kuvunjika, ndiyo maana huoni pete ya serusiti dukani. Na ni zito mno. Ujazo ule ule wa serusiti ni mara sita na nusu ya uzito wa maji, kwa sababu katika kila gramu 100, gramu 77 hivi ni risasi tupu. Mara nyingine fuwele zake huota pamoja mithili ya nyota au matandu ya theluji, na watu wanaokusanya mawe hulipa pesa nyingi kwa vipande kutoka Tsumeb kule Namibia.

Serusiti ina ndugu yake ambaye ni nadra zaidi, anaitwa fosijeniti. Huyu naye ni kaboneti ya risasi, lakini ndani yake mna klorini, ile iliyomo kwenye chumvi. Ili azaliwe, risasi lazima ikutane na hewa ukaa na chumvi pia. Ndiyo maana anapatikana sehemu chache: Monteponi katika kisiwa cha Sardinia nchini Italia, Tsumeb, maeneo ya Matlock Uingereza, na Laurion nchini Ugiriki, ambako mabaki ya kuyeyushia fedha yalitupwa baharini zama za kale na maji ya chumvi yakafanya kazi yake. Fuwele zake zina pembe nne, ni nyeupe au za manjano hafifu, na ni laini kuliko serusiti. Ukizimulika kwa mwanga wa urujuani usioonekana kwa macho, nyingi hutoa mng'ao wa manjano.

Mtu anaweza kuishi miaka sitini bila kuiona fosijeniti. Lakini wanawake wa Misri waliipaka machoni.

Waliojipamba kabla yetu

Mwaka 1999 watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanja uliobaki ndani ya vichupa vya kale vya Misri, vilivyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre. Vichupa hivyo ni vya kati ya mwaka 2000 na mwaka 1200 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alayhi salaam. Ndani yake walikuta galena nyeusi, ambayo Wamisri waliichimba sehemu kama Gebel Zeit kando ya Bahari ya Shamu. Walikuta serusiti nyeupe. Na walikuta fosijeniti pamoja na jiwe jingine nadra liitwalo laurioniti.

Hapo watafiti wakashangaa. Mawe mawili hayo ya mwisho hayapatikani Misri kwa kiasi cha kutosha vichupa vyote vile. Maana yake moja tu: yalitengenezwa kwa mikono ya watu. Walichukua oksidi ya risasi, wakaisaga na chumvi na magadi katika maji ya uvuguvugu, wakamwaga maji na kuyabadilisha siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa, mpaka unga mweupe ukatokea. Mabwana wawili wa zama za Warumi, Dioscorides na Pliny, waliandika mapishi yanayofanana na hayo, na waliyataja kama dawa ya macho. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa kiasi kidogo sana cha chumvi hizo za risasi kinaweza kuiamsha kinga ya mwili dhidi ya vijidudu. Kwa hiyo wale mabibi wa Misri hawakuwa wajinga. Walikuwa na sababu. Ila walilipa gharama ambayo hawakuwa na chombo cha kuipima.

Nje ya Misri, kaboneti ya risasi ilipendwa kwa weupe wake. Wagiriki walijua kuitengeneza kwa kuweka vipande vya risasi juu ya siki mpaka viote unga mweupe, na Warumi waliuita unga huo cerussa, ambako ndiko jina la serusiti lilikotoka. Matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu waliuita isfidaji na kuuweka katika marhamu. Ulaya wanawake wa tabaka la juu waliupaka usoni kwa karne nyingi. Maria Gunning, mrembo wa Ireland aliyeolewa na bwana mkubwa wa Uingereza na kuwa Countess of Coventry, alifariki mwaka 1760 akiwa na miaka 27, na watu wa zama zake walisema ni vipodozi vyake vilivyomuua. Miaka 27, dada zangu. Huo ni umri wa wengi wanaokuja kwangu kupimwa gauni.

Habari ya Japani ndiyo iliyonigusa zaidi mimi kama mama. Huko wanawake walitumia poda nyeupe ya risasi usoni, shingoni na kifuani. Watoto wachanga walikuwa wakipata degedege na ugonjwa uliofanana na homa ya uti wa mgongo, na madaktari hawakujua sababu. Mwaka 1923 uchunguzi uliofanywa Kyoto ulionyesha kuwa watoto wale walikuwa na sumu ya risasi. Walikuwa wakiipata kwenye poda ya mama zao, wakiwa wamebebwa, wakiwa wananyonya. Katika miaka ya 1930 poda hiyo ikapigwa marufuku. Kabla ya hapo, mwaka 1921, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeshapitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, na kuwazuia wanawake na vijana wasifanye kazi ya viwandani ya kupaka rangi hiyo.

Wanja wa manga na ithmidi

Turudi kwetu. Pwani yetu ina wanja wa aina mbili tangu zamani. Upo wa masizi, unaotengenezwa nyumbani kwa moshi wa taa ya mafuta au samli, ukakusanywa kwenye kifuniko. Na upo wanja wa manga, wa jiwe, uliokuja na majahazi kutoka Arabuni. Manga ndilo jina wazee wetu walilouita upande ule wa Omani. Huo wa jiwe ndio uliohesabiwa kuwa wa heshima, wa bibi harusi na wa mzazi.

Kwetu sisi Waislamu wanja si pambo tu. Ithmidi imetajwa katika Sunna ya Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, na wapo wanaoipaka kwa nia ya kufuata Sunna. Jambo hilo liheshimiwe. Lakini tutofautishe Sunna na kichupa. Kamusi za Kiarabu zinaielezea ithmidi kuwa ni jiwe la wanja, na wataalamu wengi wanalifasiri kuwa ni antimoni. Kichupa kinachouzwa leo na neno ithmidi juu ya karatasi yake ni bidhaa ya mfanyabiashara. Wanja wa mawe kutoka nchi nyingi umepimwa katika maabara, na mara kwa mara kilichopatikana ndani si antimoni bali ni galena, yaani risasi, wakati mwingine zaidi ya nusu ya unga wote. Marekani mamlaka ya chakula na dawa hairuhusu kabisa wanja wa aina hiyo kutumika kama rangi ya vipodozi. Dini yetu haituruhusu kujidhuru wala kuwadhuru wengine, na jina zuri juu ya karatasi halibadilishi kilichomo.

Kwa nini tuogope? Kwa sababu mwili unaidhania risasi kuwa ni kalsiamu, ile ya kujenga mifupa. Unaipokea na kuiweka akiba ndani ya mifupa na meno, na inaweza kukaa humo miaka mingi. Mwanamke akishika mimba, mifupa yake hutoa kalsiamu kumjengea mtoto, na risasi hutoka nayo. Inapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama. Kwa mtoto mdogo inaharibu ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza, utulivu, usikivu. Na sisi tuna desturi ya kumpaka mtoto mchanga wanja machoni na kwenye paji la uso. Mtoto anajifuta kwa mkono, mkono unaingia mdomoni.

Zamfara, na somo lake kwa akina mama wa ukanda wa dhahabu

Labda utasema galena ni jiwe tu, halinyonywi haraka. Ni kweli kwamba galena inayeyuka polepole tumboni. Kaboneti ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa asidi ya tumbo inaiyeyusha kwa urahisi. Ushahidi mchungu wa jambo hilo uko Zamfara, kaskazini magharibi mwa Nigeria.

Mwaka 2010 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipata habari za watoto wengi kufa katika vijiji vya huko. Bei ya dhahabu ilikuwa imepanda, na wanakijiji walikuwa wakichimba. Mawe yaliletwa majumbani, yakapondwa na kusagwa uani, hata kwa mashine zilezile za kusagia nafaka. Wanawake wa Zamfara ni Waislamu kama sisi, wengi wanakaa ndani kwa stara, kwa hiyo kazi iliwafuata nyumbani. Dhahabu ile ilikuwa imechanganyika na risasi nyingi, na sehemu ya risasi hiyo ilikuwa imeshageuka kaboneti kwa kuoza kwa mwamba karibu na uso wa ardhi. Vumbi lilitua kwenye vyombo, kwenye mikeka, kwenye nguo. Watoto zaidi ya 400 walifariki. Udongo wa vijiji vizima ulilazimika kukwanguliwa na kuondolewa ndipo watoto waliobaki waweze kutibiwa.

Sisemi kuwa miamba ya Bulyanhulu ni kama ya Zamfara. Kila mwamba una mchanganyiko wake. Kuzunguka Kahama na Geita hatari inayojulikana zaidi kwa wachimbaji wadogo ni zebaki, ile wanayokamatishia dhahabu kisha kuichoma. Lakini kanuni ni moja. Mwanamke anayeponda mawe karibu na karasha akiwa na mtoto mgongoni hawezi kujua kwa macho ni kitu gani kinapeperuka. Vumbi la mawe lisiingie nyumbani. Nguo za kazi zisikae pamoja na nguo za mtoto. Na sisi tunaoivaa dhahabu hiyo tukiwa tumekaa juu ya jukwaa la harusi, tuwakumbuke katika dua zetu, kwa maana bangili zetu zimepita mikononi mwao.

Tufanye nini sasa

Simkatazi mtu kupaka wanja. Bibi harusi bila wanja mimi mwenyewe ningemrudisha kioo. Ila tuununue kama tunavyonunua dhahabu, kwa maswali.

Uliza umetengenezwa na nini. Penseli au wanja wenye orodha ya viambato na jina la mtengenezaji ni bora kuliko unga uliofungwa kwenye karatasi isiyo na anwani. Ukiona kwenye orodha neno galena, au maneno ya Kiingereza yanayomaanisha risasi, yaani lead au lead sulphide, kirudishe. Usidanganywe na neno la asili. Galena nayo ni ya asili, imetoka ardhini moja kwa moja.

Wanja wa masizi wa bibi zetu, ukitengenezwa kwa mafuta safi na chombo safi kisichopakwa rangi, hauna sababu ya kuwa na risasi. Tusiudharau kwa kuwa hauna kichupa cha kung'aa. Usikubali tu mtu auchanganye na unga wa jiwe ili ukoze.

Mtoto mchanga asipakwe wanja wa jiwe, hata kama bibi yake anasisitiza. Mwambie kwa adabu, mpe heshima yake, lakini shikilia. Na kama umetumia wanja wa manga miaka mingi na unatarajia kushika mimba, mweleze daktari wako. Risasi hupimwa kwa damu. Haiwezi kupimwa kwa kuangalia rangi ya wanja wala kwa kuuweka mkononi kuona uzito wake.

Kwa makungwi na masomo wetu, nyinyi ndio mnaoshika uso wa mwari kwa mara ya kwanza. Mkimfundisha kuchagua singo na liwa, mfundisheni na hili. Katika sanduku la harusi tunaweka kanga, udi, asumini na nguo za ndani mpya. Tusiweke humo kitu ambacho mtoto wake wa kwanza atakuja kukilipia.

Allah awape mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu, mapenzi na rehema, na awape watoto wenye afya ya mwili na akili. Aamin.

Wabillahi tawfiq.